Kutembelea Wagonjwa Nako Kunasomewa? Jinsi Mafunzo ya Uchungaji Wodini Yanavyofanya Kazi

Jumapili alasiri, saa ya kutazama wagonjwa inapofika, wodi za hospitali kuanzia Mbeya mjini hadi Iringa hujaa watu wa kanisa. Akina mama wa umoja wamebeba chupa za uji na miche ya sabuni, wanakwaya wameshika vitabu vya nyimbo, mwinjilisti ana Biblia kwapani, na kitanda baada ya kitanda watu wanasalimiwa, wanaimbiwa na kuombewa. Ni huduma njema, na wapo wagonjwa ambao bila hiyo wasingetembelewa na mtu yeyote wiki nzima. Lakini ni huduma hiyo hiyo inayowafanya waumini wengi washangae wanaposikia kwamba mchungaji wao, ambaye tayari amesoma theolojia kwa miaka kadhaa, ameomba ruhusa ya karibu miezi mitatu ili akajifunze kuhudumia wagonjwa hospitalini. Wazee wa kanisa huuliza, na swali lao ni la haki: kutembelea wagonjwa nako kunasomewa?

Kunasomewa, ila kinachosomewa sicho ambacho wengi wanakidhania. Mafunzo yenyewe ni elimu ya uchungaji wa kliniki, na wengi walioyapitia huyaita kwa kifupi chake cha Kiingereza tu, CPE (Clinical Pastoral Education). Mchungaji, mwinjilisti, katekista, mtawa au mwanafunzi wa theolojia hupangiwa wodi, huhudumia wagonjwa halisi wenye maumivu halisi, kisha huirudisha kazi yake mezani, mbele ya msimamizi na kikundi kidogo cha wenzake, ili ichunguzwe neno kwa neno. Baada ya hapo hurudi wodini na kujaribu tena. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, ambako mafunzo haya yalianzia, yuniti moja, yaani kipindi kimoja kamili cha mafunzo, ni saa 400, na katika hizo zisizopungua 100 ni za mafunzo ya kikundi na ya ana kwa ana na msimamizi. Anayesoma kwa muda wote huimaliza yuniti katika wiki 10 hadi 12, na anayesoma huku akiendelea na kazi huitawanya katika miezi mingi zaidi. Huko huko Marekani anayetaka kuthibitishwa rasmi kuwa mchungaji wa hospitali kwa kawaida hudaiwa yuniti 4, ingawa viongozi wengi wa usharika huishia kwenye moja, nayo inatosha kuwabadilisha.

Jambo linalowachanganya watu zaidi ni hili: anayechunguzwa katika mafunzo haya si mgonjwa. Daktari mwanafunzi akirudi kwa mwalimu wake hueleza ugonjwa wa mtu aliyemwona. Mchungaji mwanafunzi akirudi kwa msimamizi wake hueleza alichosema yeye, alichonyamazia yeye, na kilichompata moyoni alipokuwa ameketi kando ya kitanda. Mgonjwa anahudumiwa kwa dhati na wala si chombo cha majaribio, lakini swali la darasani humhusu mhudumu.

Asili ya mtazamo huo ni mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1920 mchungaji Anton Boisen, wakati huo akiwa amevuka miaka 40, alipatwa na ugonjwa wa akili na kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Massachusetts. Alipopata nafuu alikuwa na lalamiko ambalo lingeweza kutolewa leo katika hospitali yoyote ile: wachungaji waliokuja kuongoza ibada walijua mambo ya dini, lakini hawakujua lolote juu ya yale yaliyokuwa yakiwasibu wagonjwa waliowahubiria. Mwaka 1924 akawa mchungaji katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, na kiangazi cha 1925 akapokea kikundi kidogo cha wanafunzi wa theolojia, akawapangia kazi za wahudumu wa wodi, na pamoja nao akachambua yale waliyoyaona na kuyasikia. Kwake yeye mgonjwa alikuwa hati hai, inayostahili kusomwa kwa uangalifu uleule ambao mwanafunzi huyapa maandiko.

Mwaka huo huo daktari wa Boston aitwaye Richard Cabot, ambaye tayari alikuwa amejijengea jina kwa kuwafundisha madaktari kupitia visa vya wagonjwa halisi, alitoa hoja kwamba wanafunzi wa theolojia nao wapewe mwaka wa kliniki kama wenzao wa udaktari. Wawili hawa walisaidiana kwa muda, ila hawakukubaliana juu ya chanzo cha ugonjwa wa akili. Boisen aliuona, angalau kwa baadhi ya watu, kuwa mapambano ya kiroho ya mtu anayetafuta kujipanga upya, ilhali Cabot aliuona kuwa hitilafu ya mwili. Boisen alipougua tena mwaka 1930, Cabot aliacha kumuunga mkono. Mafunzo hayakufa, baraza la kuyasimamia liliundwa mwaka huo huo, na mwaka 1967 makundi kadhaa yaliyokuwa yakiyaendesha kila moja kwa njia yake yaliungana kuwa chama kimoja. Kwa Tanzania, jina linalotajwa kwanza ni KCMC ya Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako mafunzo haya yamekuwa yakitolewa kwa miaka mingi.

Karatasi inayosema yote

Chombo kikuu cha CPE ni taarifa iitwayo verbatimu. Ilikua kutokana na kazi ya Russell Dicks, mchungaji katika Massachusetts General Hospital miaka ya 1930, aliyekuwa na mazoea ya kuandika mazungumzo na sala zake baada ya kutoka kwa wagonjwa. Mwanafunzi haruhusiwi kurekodi sauti kwa siri wala kuandika mbele ya mgonjwa. Anatoka wodini, anaketi mahali, na siku hiyo hiyo anaandika kwa kumbukumbu yale yaliyosemwa na kila mmoja, pamoja na vimya, macho yalikoelekea na mikono ilivyofanya. Jina la mgonjwa huondolewa. Kila kauli hupewa namba ili kikundi kiweze kuirejea.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kijana anayesomea uchungaji aliyepangiwa wodi ya upasuaji ya wanaume. Mgonjwa ni mzee wa Makete mwenye kisukari ambaye kidonda cha mguu kimekataa kupona.

Mchungaji 1: Shikamoo, baba.

Mgonjwa 1: Marahaba, mwanangu. Umetoka kanisani?

Mchungaji 2: Ndiyo, baba. Mimi ni mwanafunzi wa uchungaji, nipo hapa wodini. Unaendeleaje?

Mgonjwa 2: Tunaendelea vizuri tu. Wamesema kesho wanaukata mguu. (Anatazama dirishani.)

Mchungaji 3: Mungu ni mwema, baba. Yeye ndiye tabibu mkuu. Usiogope.

Mgonjwa 3: Amina. (Kimya.) Nilikuwa nimeshapanda viazi. Sasa sijui.

Mchungaji 4: Yote yapo mikononi mwake. Tuombe, baba.

Mgonjwa 4: Haya.

Kwa macho ya ugeni huu ni utembeleo mzuri. Kijana amesalimia kwa heshima, amejitambulisha, amemtaja Mungu, ameomba. Mwinjilisti wa Jumapili angefanya vivyo hivyo na kushukuriwa. Msimamizi anayeijua kazi yake haanzi kwa kumkosoa. Anauliza tu, „Alipotaja viazi, wewe ulisikia nini?" Mara nyingi jibu la kweli ni kwamba hakusikia kitu, kwa sababu tayari alikuwa anatafuta maneno ya kufungulia sala.

Kikundi kinaporudia mistari hiyo polepole, mambo yanajitokeza. Katika kauli ya pili mzee ametoa habari mbili kwa pumzi moja: anaendelea vizuri, na kesho anakatwa mguu. Sehemu ya kwanza ni adabu ya salamu, kwa kuwa mtu mzima aliyelelewa vyema hamtupii mgeni shida kabla hajamwambia kwamba mambo ni mazuri. Sehemu ya pili ndiyo habari yenyewe, na iliwekwa mlangoni ili kijana aichukue akitaka. Hakuichukua. Kauli ya tatu ilikuwa jaribio la pili la mzee, na safari hii alitumia viazi. Mtu anayefahamu miteremko ya Makete anaelewa kwamba kupalilia na kuvuna viazi kwenye mlima kwa mguu mmoja ni jambo ambalo mzee huyo analipigia hesabu usiku kucha. Nyuma ya viazi kuna ada za wajukuu, kuna swali la nani atakayeitwa mwenye shamba, na huenda kuna hofu ya kurudi kijijini akiwa wa kuletewa kila kitu. „Sasa sijui" ilikuwa sentensi nzito kuliko zote kwenye ukurasa huo, na ilijibiwa kwa „Tuombe".

Msimamizi haipingi sala, na hapa ndipo CPE inapoeleweka vibaya na baadhi ya viongozi wa kanisa wanaodhani ni saikolojia iliyovikwa kola ya kichungaji. Anauliza sala ile ilifanya kazi gani. Kama ilimpa mzee nafasi ya kumwambia Mungu habari za mguu na shamba, ilikuwa sala ya mzee. Kama ilimpa kijana njia ya kutoka wodini bila kuonekana amekimbia, ilikuwa sala ya kijana, na mzee aliisindikiza kwa „Haya". Kijana akiulizwa mwili wake ulikuwaje wakati ule, huenda akakumbuka kwamba mapigo ya moyo yalimwenda mbio tangu neno „wanaukata" lilipotamkwa, na akiendelea kidogo huenda akakumbuka baba yake mwenyewe aliyeingia chumba cha upasuaji na hakutoka akiwa hai. Hapo ndipo penye somo la siku hiyo. Msimamizi hamtibu kijana huzuni yake. Akiona inahitaji tiba humwelekeza kwa mtu mwingine. Anachotaka ni kijana ajue kwamba huzuni hiyo iko naye wodini, ili kesho yake isimzibe masikio.

Ayubu alipopatwa na misiba, rafiki zake watatu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Waliharibu walipofungua midomo. Verbatimu nyingi za mwezi wa kwanza zinafanana sana na hotuba za rafiki hao.

Kikundi, umri na heshima

Sehemu ngumu zaidi ya mafunzo haya katika mazingira yetu, kwa maoni yangu, si wodi bali ni chumba cha kikundi. CPE inadai kwamba wanafunzi waambiane ukweli kuhusu kazi zao na kuhusu jinsi wanavyoathiriana. Huko ilikobuniwa, watu watano wanaweza kuitana kwa majina ya kwanza na kuambiana waziwazi kwamba jana ulinikatiza kauli. Sasa fikiria kikundi chenye mchungaji wa Kilutheri wa miaka 55 aliyewahi kuongoza jimbo, mtawa wa Kikatoliki ambaye ni muuguzi, mwinjilisti wa Kimoravian kutoka Rungwe, na binti wa miaka 26 aliyemaliza shahada juzi. Binti ndiye aliyeona kwamba mchungaji alimhubiria mgonjwa dakika kumi bila kumwuliza swali hata moja. Atamwambiaje, na atamwambia mbele ya watu?

Wapo wasimamizi wanaolazimisha utaratibu wa kigeni kama ulivyo, na matokeo yake ni kikundi kinachopongezana kwa adabu wiki nzima huku maneno yenyewe yakisemwa kwenye foleni ya chakula. Wapo wengine wanaoona kwamba mila za hapa zina njia zake za kumwambia mkubwa ukweli: kwa kuuliza badala ya kutamka, kwa kumtumia mtu wa makamo awe wa kwanza kusema, kwa kuanza na shukrani zisizo za uongo, au kwa mkubwa mwenyewe kuombwa asome verbatimu yake kwa sauti kisha aachwe katika kimya hadi ajisikie mwenyewe. Njia hizi ni za polepole, na ni kweli kwamba mtu mwenye cheo anaweza kuzitumia kujifichia. Hata hivyo zinafanya kazi, mradi msimamizi asiruhusu heshima igeuke ulinzi. Mchungaji mzee aliyekubali kusahihishwa na binti huyo, hata kwa swali tu, amejifunza jambo ambalo hakuna mhadhara ungempa, kwa sababu kesho atakaa mbele ya mgonjwa wa umri wa binti huyo na kumsikiliza kwa masikio mengine.

Lugha nayo ina sehemu yake. Wazee wengi wa Nyanda za Juu Kusini huzungumza Kiswahili na daktari, lakini usiku maumivu yanapozidi hulia kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kikinga au Kisafwa. Mwanafunzi aliyetoka mbali si lazima aijue lugha hiyo, ila akijua walau kumsalimia mama wa Iringa kwa „Kamwene" na kusubiri salamu imalizike yote, ameshavuka nusu ya njia. Akitumia ndugu kuwa mkalimani, sharti akumbuke kwamba ndugu huyo ana masilahi yake katika mazungumzo hayo. Na ndugu ni wengi. Katika hospitali zetu mgonjwa mara chache yuko peke yake: kuna shangazi anayemwogesha, kaka anayetafuta fedha za dawa, mke aliyelala nje kwenye baraza kwa siku kadhaa. Fundisho la Kimarekani linalomwona mgonjwa kama mtu mmoja ndani ya chumba kimoja lazima lipanuliwe hapa, kwa sababu pengine anayehitaji mchungaji zaidi siku hiyo ni yule mke wa barazani.

Siri, dawa na mipaka ya kazi

Katika utafiti wa kitaifa wa 2022/2023, kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kilikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Kwa lugha ya wodini, takwimu hizo zina maana kwamba mchungaji yeyote anayehudumu katika hospitali za ukanda huu, iwe Ikonda, Ilembula, Tosamaganga, Igogwe au hospitali ya rufaa mjini, mapema sana atasikia sentensi kama „Mke wangu hajui". Ataisikia katika wodi ambayo kitanda cha jirani kipo umbali wa mkono, na huenda mke mwenyewe amekwenda tu kuchota maji ya moto.

Mafunzo hayampi jibu la kukariri, lakini yanampa mipaka. Siri ya mgonjwa si yake kuitoa, hata kwa mzee wa kanisa anayeuliza kwa nia njema ili „waombe vizuri". Kazi yake si kumlazimisha mgonjwa aseme, wala kumsaidia kudanganya. Anaweza kukaa naye katika hofu ya kusema, na anaweza kumwuliza kama yuko tayari kuonana na mshauri nasaha wa kliniki ya tiba na matunzo, ambaye anajua taratibu za kuwashirikisha wenza. Ipo siri moja ambayo haifichwi: mgonjwa akisema anataka kujiua, mchungaji hamwachi peke yake, na muuguzi anaarifiwa saa hiyo hiyo. Mwanafunzi huambiwa hivyo siku ya kwanza, na yeye humweleza mgonjwa mapema pale inapolazimu.

Mpaka mwingine ni wa dawa. Mwaka 2011, umati ulipoelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu aliyeitwa Babu wa Loliondo, wapo wagonjwa waliotoka vitandani hospitalini kuungana na misafara ile, na wachungaji wengi waliulizwa na waumini wao kama waende au wasiende. Hali hiyo hujirudia kwa sura ndogo ndogo kila mwezi: mtu ameombewa, ametangaziwa uponyaji, sasa anauliza kama aache vidonge. Mchungaji aliyepita CPE hujua kwamba hana mamlaka ya kumwachisha mtu dawa, na hujua pia kwamba kumkemea mgonjwa kwa imani yake kutamfunga mdomo. Ndivyo ilivyo pia mgonjwa anaposema amerogwa. Kubishana naye kuhusu uchawi kando ya kitanda ni kupoteza muda, na kumkubalia ni kumwongezea hofu na pengine kumtia jirani yake hatarini kijijini. Njia inayobaki ni kuuliza anamaanisha nini, nani amegombana na nani, na anaogopa kitakachotokea ni kipi. Mara nyingi chini ya uchawi kuna mgogoro wa shamba au msiba ambao haukuzungumzwa. Nao wagonjwa Waislamu, ambao hospitali za misheni zimewapokea tangu zamani, huhudumiwa bila kuvutwa kuelekea dini nyingine. Mwanafunzi akimwitia shehe mgonjwa aliyemwomba, amefanya kazi yake ya kichungaji sawasawa.

Mwishoni mwa yuniti hakuna mtihani wa alama. Mwanafunzi huandika tathmini yake mwenyewe na msimamizi huandika ya kwake, wanaisoma pamoja, na mwanafunzi asiyekubaliana na jambo ana haki ya kuambatisha maelezo yake. Ndani ya karatasi hizo hutaona kwamba fulani anajua kuomba vizuri. Utaona, kwa mfano, kwamba wiki ya pili alikuwa anaondoka kila mgonjwa alipoanza kulia, na kwamba kufikia wiki ya tisa aliweza kubaki.

Gharama ndiyo kikwazo kinachotajwa kwanza, na ni cha kweli. Mchungaji wa Makete anayekwenda kusoma Moshi anaacha usharika wake na mitaa yake kwa miezi mitatu, anahitaji nauli, malazi na mtu wa kushika nafasi yake, na msimamizi aliyehitimu hapatikani haraka kwa kuwa naye hutumia miaka kadhaa kuandaliwa. Lakini kuna tatizo jingine ambalo halihitaji fedha kulitatua, na lipo mikononi mwa ofisi za dayosisi na majimbo. Mchungaji anarudi na cheti chake, kisha anapangiwa usharika wa mbali ambako hakuna hata zahanati, huku hospitali ya kanisa ikipewa mchungaji anayekaribia kustaafu ili apumzike. Sababu ni kwamba wodi bado inahesabiwa kuwa mahali pepesi pa kazi. Dayosisi inayotaka kumtuma mtu kusoma ingefanya vyema kumwandikia barua ya kituo atakachorudi kabla hajapanda basi, na katika barua hiyo itajwe hospitali, wodi atakazohudumia, na saa ambazo usharika hautamwita kwenye vikao.